Pauni 50 za mzee wa Leicester na jiko la bosi Mbengali: jibu kwa dada wa Barking

Dada mmoja Mtanzania anayeishi Barking kaniandikia swali refu, nalifupisha ili na wengine wafuate. Anafanya kazi jikoni kwenye mgahawa wa Wabengali London Mashariki. Mwezi uliopita alialikwa harusi Leicester, mji wa katikati ya England, kwa familia ya Kihindi iliyotokea Kampala, mama wa bwana harusi alizaliwa Mwanza na alisoma darasa moja na mama wa dada huyu. Kakuta nyumba kubwa, watoto wafamasia na wahasibu, na mzee wa nyumba akashika maiki akasema Amin alitufukuza, tukafika hapa na pauni hamsini, tukachapa kazi. Kesho yake dada karudi jikoni, akamwangalia bosi wake, mtu wa miaka sitini, pango la mgahawa linamshinda, watu saba kwenye flati ya kupanga ya halmashauri. Akauliza: "Shikamoo mtaalamu. Hawa wote si Waasia, wote walifika maskini, na miaka ni ileile, mbona wa Leicester wamefika mbali na hawa wangu bado wanahangaika? Mwanangu anasema Wabengali hawajui biashara na wanazaa sana. Sitaki aamini hivyo kama sio kweli. Na je sisi tunaotuma hela nyumbani tuna cha kujifunza hapo?"

Marahaba dada yangu. Uchumi wa wahamiaji ndio kazi yangu miaka mingi sasa, na hiyo hadithi ya pauni 50 kila nikiisikia inaniuma kidogo, sio kwamba ni ya uongo, ila nimeona inavyogeuzwa fimbo ya kuwachapia watu wengine. Mzee hakudanganya. Lakini pauni 50 ni hela ya mfukoni, na mtu hatembei na mfuko peke yake. Na pale uliposema miaka ni ileile, hapo ndipo pa kuangalia vizuri, manake hawa watu waliingia Uingereza kwa milango tofauti na kwa nyakati tofauti, na ukishaona hilo mengine yote yanajipanga yenyewe.

Tuanze na wa Leicester kwa sababu hao walikuwa majirani zetu. Wengi wanadhani Wahindi wa kwetu wote ni watoto wa reli. Sio hivyo, vibarua kama 32,000 waliletwa kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901, na mkataba ulipoisha wengi wao walirudi kwao. Wenye maduka kwa sehemu kubwa walikuja kwa nauli zao kutoka Gujarat na Kutch, magharibi mwa India, wakiitwa na mjomba au shemeji ambaye tayari yuko Zanzibar au Mombasa. Alidina Visram, aliyefariki 1916, alianzia huku pwani na mpaka anakufa maduka yake yalikuwa yamefika Uganda. Na namna biashara ile ilivyosambaa ni kwa kitu ambacho sisi tuna neno lake kabisa, mali kauli: unapewa mzigo kwa neno tu, ukiuza unarudisha. Mtoto aliyekulia nyuma ya kaunta ya duka la namna hiyo, iwe Mbale iwe Shinyanga, akifika miaka kumi na tano anajua bei ya jumla na ya rejareja, anajua kuandika daftari la wadeni, anajua nani wa kukopeshwa na nani hapana. Ujuzi huo askari hawezi kukunyang'anya kwenye kizuizi.

Ila tuseme ukweli wote. Nafasi ile haikutokana na bidii peke yake, ukoloni ulipanga watu kwa rangi, Mzungu juu, Muasia katikati, Mwafrika chini, shule mbalimbali na hospitali mbalimbali, na Tanganyika kulikuwa na sheria kabisa iliyofanya deni la Mwafrika lisidaiwe mahakamani kama serikali haikuidhinisha mkopo wenyewe, sasa niambie mwenye duka gani la jumla angemkopesha babu yako gunia la sukari? Kwa hiyo mzee wako wa Leicester akiwa kijana Kampala alikuwa ameshasoma shule ya Kiingereza, ameshashika vitabu vya hesabu, na alikuwa na ndugu kwenye biashara miji mitatu minne. Bidii ilikuwepo, siibishi, lakini ilipata mahali pa kukanyaga.

Agosti 1972 Amin akatangaza siku 90. Zaidi ya watu 27,000 wakaishia Uingereza, kama elfu sita Canada, wengine wakatawanyika India na kwingineko. Barabara ya Kampala mpaka Entebbe ilijaa vizuizi vya askari, na pete na bangili za watu zikabaki hapohapo. Serikali ya waziri mkuu wa Uingereza Edward Heath ikaunda bodi ya kuwapokea, ikawaweka kwenye kambi 16, nyingi zilikuwa kambi za kijeshi za zamani, nyingine kama Tonfanau ziko pwani ya Wales kwenye upepo na mvua, mama wa watu kashuka na sari na ndala. Alafu bodi ikagawa nchi kwa rangi, maeneo mekundu msiende kumejaa, ya kijani nendeni. Leicester ilikuwa nyekundu. Halmashauri yake ilifikia hatua ya kulipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus Septemba 1972 kuwaambia watu wasije. Wakaenda.

Na walienda kwa sababu moja ambayo kwenye hotuba za harusi huwa haisemwi: tayari kulikuwa na ndugu pale. Wahindi wa Kenya walianza kuondoka kwa wingi baada ya sheria za 1967 za vibali vya kazi na leseni za biashara, wenye pasi za Kiingereza wakakimbilia Uingereza mpaka 1968 bunge la kule likapitisha sheria ya kuwazuia kwa siku tatu tu. Wa Tanzania nao wengi wakaondoka baada ya majengo ya kupangisha kutaifishwa 1971. Kwa hiyo familia ya Kampala ilipotoka kambini haikutoka kwenda gizani, ilienda kwa binamu aliyekuwa na nyumba Belgrave, mtaa wa Leicester, ambaye anajua kiwanda kipi kinachukua watu Jumatatu. Na viwanda vilikuwepo! Leicester ya wakati ule ilikuwa mji wa soksi, fulana, viatu na mashine, kazi ilikuwa inamtafuta mtu. Baba akaingia zamu ya usiku, mama akaingia zamu ya mchana, na hili la mama nakuomba ulishike kwa sababu familia moja ilikuwa na mishahara miwili, mara nyingine mitatu na kijana mkubwa, tangu mwaka wa kwanza.

Mishahara miwili ikanunua nyumba. Hapa ndio moyo wa jambo zima kwa maoni yangu, wanaozungumzia tabia na utamaduni wa watu huwa wanapita hapa haraka sana. Nyumba za Leicester zile za mstari mmoja, zimeshikana ukuta kwa ukuta, mwanzoni mwa miaka ya 70 zilikuwa bei rahisi, wazungu wengi walikuwa wanazihama. Ndugu wawili watatu wakichanga wananunua moja, wanaishi wote humo wamebanana, wakimaliza wanamnunulia wa pili. Miaka kumi baadaye nyumba ile bei imepanda mara kadhaa, na sasa ukienda benki una kitu cha kuweka rehani. Ndio maana kiwanda kilipoanza kupunguza watu mwenye nyumba alichukua kiinua mgongo chake, akakopea nyumba, akafungua duka. Na duka la kona lilikuwa na faida moja ya kisheria ambayo wengi wameisahau, mpaka 1994 maduka makubwa ya England yalibanwa yasifungue Jumapili, kwa hiyo mwenye kiduka anayefungua alfajiri mpaka saa nne usiku, siku saba, na watoto wanasaidia kupanga bidhaa baada ya shule, alikuwa na mteja ambaye supamaketi haimpati. Kutoka duka kwenda posta ndogo, kutoka posta kwenda famasi ya mtoto aliyesomeshwa na duka. Mama yake Rishi Sunak, aliyezaliwa Tanganyika, alikuwa na duka la dawa Southampton na baba alikuwa daktari aliyezaliwa Kenya, na Oktoba 2022 mtoto wao akawa waziri mkuu. Njia ni hiyohiyo.

Nimewahi kukaa karibu siku nzima kwenye duka la mboga Belgrave Road pale Leicester, nilikuwa nafanya mahojiano. Akaingia bibi mmoja wa Kigujarati, miaka themanini hivi, koti juu ya sari, anaulizia mogo. Mogo ni muhogo wetu, ndo jina lake mpaka leo kwa Wahindi wa Uingereza waliotoka kwetu, na karanga wanaziita jugu. Aliposikia natokea Tanzania akanishika mkono na kuanza Kiswahili cha miaka ya 60, sufuria, fagio, kisu, maneno ya jikoni yote hayajatoka. Nikamuuliza alianzaje maisha hapa. Akasema alikuwa anashona soksi zamu ya jioni, na mshahara wake alimpa mama mkwe, na mama mkwe ndiye aliyekuwa anashika hesabu ya nyumba nne za ndugu, anaandika kwenye daftari moja la shule. Nikamuuliza daftari lilitoka wapi, akanishangaa, akasema mama mkwe alikuwa akiandika hivyohivyo dukani kwao Jinja miaka ishirini. Basi, hapo nikafunga kalamu yangu.

Lakini usitoke hapa unafikiri Leicester nzima ni nyumba za harusi uliyoiona. 1974 wafanyakazi Waasia wa kiwanda cha Imperial Typewriters, wengi wao wa kutoka Uganda, waligoma kwa sababu ya kupunjwa malipo, chama cha wafanyakazi kikawatupa mkono, na mwaka uliofuata kiwanda kikafungwa. London kule 1976 Jayaben Desai, mama aliyewahi kuishi Tanganyika, aliongoza mgomo wa Grunwick, kiwanda cha kusafisha picha, karibu miaka miwili, wengi wao akina mama wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki, na hawakushinda. Watu waliokuwa na duka lao wakajikuta wanaomba ruhusa ya kwenda chooni. Na 2020 ilipotoka habari ya karakana za nguo Leicester zinazolipa watu pauni 3.50 kwa saa wakati kima cha chini kilikuwa 8.72, ilikuwa mitaa ya mji huohuo. Harusini hukukaa meza moja na hao.

Sasa twende kwa bosi wako.

Wabengali wa London Mashariki karibu wote asili yao ni Sylhet, kaskazini mashariki mwa Bangladesh. Walianza kufika zamani kuliko Wahindi wa Uganda, ila walifika kama mabaharia, wengi wao chini kabisa kwenye chumba cha injini wakichochea makaa kwenye meli za Waingereza. Wengine wakishuka bandarini London hawarudi melini. Miaka ya 50 na 60 wakafuata vijana wengine, tangu 1962 kwa vibali vya kazi, watoto wa wakulima wenye vishamba vidogo vya mpunga, Kiingereza hawana, shule kidogo, wakaingia viwanda vya nyuzi Oldham, vya chuma Birmingham na karakana za cherehani London. Wanaume peke yao. Walikaa nyumba moja watu kumi na zaidi, kitanda kimoja watu wawili, wa zamu ya usiku akirudi wa mchana anatoka na shuka bado ina joto. Nia ya kila mmoja ilikuwa miaka mitano au kumi, anunue shamba, ajenge nyumba ya matofali, arudi. Kijijini familia yenye mtu Uingereza inaitwa Londoni mpaka leo, na hela yote ilikwenda kule. Kwa mtu mwenye nia ya kurudi hiyo ni hesabu sahihi kabisa, sasa kwa nini anunue nyumba Oldham?

Alafu mambo yakageuka. Uingereza ikabana milango mmoja baada ya mwingine, ukitoka huna uhakika wa kurudi, vita ya 1971 ikaharibu nchi yao, basi wanaume wakaanza kuleta wake na watoto. Lakini foleni ya viza Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, ilikuwa ya miaka, watu waliulizwa maswali ya kuthibitisha kama mtoto ni wao kweli, na familia nyingi zikafika mwisho wa miaka ya 70 na katikati ya miaka ya 80. Angalia hiyo tarehe dada yangu. 1982 wasio na kazi Uingereza walipita milioni tatu. Viwanda vya nyuzi na chuma vilivyowaleta wale wanaume ndivyo vilivyokuwa vinafungwa, kwa hiyo mke anashuka uwanja wa ndege na watoto wanne wakati baba ndo kwanza kaachishwa kazi. Familia ya Kampala ilifika nzima, siku moja, kwenye mji wenye kazi, ya Sylhet ilifika vipandevipande, ikakuta milango ya kiwanda ina makufuli. Miaka kumi hiyo iliyo katikati yao haionekani kabisa ukiwaangalia leo, lakini imo kwenye kila kitu.

Kwenye nyumba kwa mfano. London Mashariki ya wakati ule haikuwa na nyumba za bei rahisi za kuchanga ndugu watatu. Walipanga vyumba vibovu, wengine wakaingia kwenye nyumba tupu zilizotelekezwa na kukaa kwa nguvu, wakaunda mpaka kamati yao ya makazi 1976, na mwishowe wakapewa flati za halmashauri, familia ya watu wanane vyumba viwili. Flati ya kupanga haipandi bei kwa faida yako na huwezi kuipeleka benki. Kwenye takwimu za England za 2016 mpaka 2018, kaya 74 kati ya 100 za Wahindi zilikuwa zinamiliki nyumba zao, Waingereza weupe 68, Wabangladeshi hawakufika nusu. Na usisahau kulikuwa na hofu, mtu anachagua makazi kwa kuangalia wapi hatapigwa. Tarehe 4 Mei 1978 Altab Ali, kijana fundi cherehani, aliuawa barabarani Whitechapel akitoka kazini, na maelfu wakaandamana nyuma ya jeneza lake. Baada ya hapo nani angekwenda kununua nyumba peke yake mtaa wa mbali hata kama ni rahisi?

Na kazi? Hapa ndio mwanao amekosea kabisa, mwambie. Watu hawa walipofungiwa viwanda walijenga sekta nzima kwa mikono yao. Migahawa ya Kihindi ya Uingereza, ile inayoitwa ya Kihindi mpaka vijiji vya Scotland, kwa sehemu kubwa sana ni ya Wabengali wa Sylhet. Kutoka jiko la melini mpaka maelfu ya migahawa ndani ya kizazi kimoja, asiyejua biashara anafanyaje hivyo? Tatizo liko kwenye aina ya biashara yenyewe. Wewe uko jikoni unajua kuliko mimi, wateja wanakuja jioni tu, Jumatatu mpaka Jumatano viti vitupu, pango linapanda, mafuta na kitunguu vinapanda, jirani kafungua mwingine anauza kari ileile kwa bei chini yako, na kampuni ya kupeleka chakula inakata sehemu yake kwenye kila oda. Wafanyakazi wanalala juu ya mgahawa, mshahara mdogo pamoja na kula na kulala. Duka la dawa linahitaji cheti ambacho wengi hawana kwa hiyo faida yake inalindwa. Mgahawa unahitaji jiko na usingizi wa saa tano, na anayeweza kuufungua ni yeyote, kwa hiyo faida inaliwa na ushindani.

Akina mama nao walifanya kazi, ila kwenye hesabu za serikali hawaonekani. Walishona nyumbani, mwenye karakana analeta furushi la vitambaa vilivyokatwa, cherehani iko sebuleni, unalipwa kwa kipande. Mchumi Naila Kabeer aliwalinganisha na wanawake wa Dhaka na kukuta jambo la kushangaza, kule Dhaka ambako mila za kukaa ndani zina nguvu zaidi wanawake walikuwa wanatoka kwa maelfu kwenda viwandani, na London walikuwa wanashona wamejifungia ndani. Sasa utasema ni mila? London walikuwa na watoto wadogo, lugha hawana, mtaani wanatemewa mate, na mtaa wenyewe ni wa watu wa kijiji kimoja kila jicho linakuona. Yule bibi wa Leicester alikwenda kiwandani na mawifi zake watatu wakakaa mstari mmoja, na watoto wakabaki kwa mama mkwe. Mama wa Sylhet mama mkwe wake alikuwa kabaki Sylhet.

Kuhusu kuzaa sana nitasema kwa kifupi. Familia zilikuwa kubwa kwa kizazi kilichotoka kijijini, ndio, na mshahara mmoja ukigawa kwa watu wanane unakuwa umaskini hata kama baba hajakosa kazi siku moja. Lakini binti zao waliosoma Uingereza wanazaa wachache zaidi kwa mbali, kama ilivyokuwa kwa bibi zetu na sisi.

Sasa nikupe namba mbili tatu uone ukubwa wa pengo. Uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa 1994 ulikuta zaidi ya kaya nne kati ya tano za Wapakistani na Wabangladeshi zina kipato chini ya nusu ya wastani wa nchi, wakati kwa weupe ilikuwa kidogo zaidi ya moja kati ya nne. Uchunguzi huohuo uliwahesabu peke yao Waasia waliotoka Afrika na kukuta kwenye kazi wanakaribiana na weupe. Mwaka 2018 mfanyakazi wa Kihindi wa katikati, yaani nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu pungufu, alikuwa anapata pauni 13.47 kwa saa, Mwingereza mweupe 12.03, Mbangladeshi 9.60, wa chini kuliko makundi yote yaliyopimwa. Ila hapa nikuwekee alama ya tahadhari, hiyo safu ya Wahindi ya 2018 imechanganya familia ya mzee wako na daktari aliyetua jana kutoka Chennai na mtu wa kompyuta kutoka Bangalore, watu waliochujwa kwa viza ya ujuzi. Ukiona mtu anachukua 13.47 na kusema haya ni matunda ya waliofukuzwa na Amin, amechanganya vyungu viwili.

Na kuna namba nyingine ambayo mimi inanifurahisha kuliko zote. 1997 wilaya ya Tower Hamlets, ndiyo yenye Brick Lane, barabara ya Wabengali London Mashariki, ilikuwa ya 149 kwa matokeo ya shule kati ya wilaya 149 za England. Ya mwisho kabisa. Leo watoto wa Kibangladeshi wanawapita watoto weupe wa Kiingereza kwenye mitihani ya miaka 16 nchi nzima, na wasichana ndio wako mbele. Hawakubadilisha dini wala chakula wala ukubwa wa familia kwa usiku mmoja. Shule za London zilipata hela na walimu wazuri, na wazazi waliokuwa hawajui Kiingereza wakawasukuma watoto. Rushanara Ali alikuja kutoka Sylhet akiwa na miaka saba na 2010 akawa mbunge wa Bethnal Green na Bow. Kwenye mishahara pia waliozaliwa Uingereza pengo lao ni dogo sana kuliko la baba zao. Mali ndiyo iko nyuma, kwa sababu mshahara unapanda ndani ya miaka mitano lakini nyumba ambayo baba hakununua 1975 huwezi kuinunua leo kwa bei ya 1975, hasa London. Binti ana digrii na kazi ya benki Canary Wharf, anaenda kwa miguu kutoka flati aliyokulia, na nyumba ya vyumba viwili pale jirani haigusi.

Umeniuliza habari ya kutuma hela. Hapa nakujibu kama kaka, sio kama mwalimu. Watu wa Uganda hawakuwa na pa kutuma, nyuma yao kulifungwa, India wengi hawakuwa wanaijua hata kwa sura, kwa hiyo kila shilingi ilizungukia Leicester ileile, ikawa nyumba, ikawa duka, ikawa ada. Watu wa Sylhet waligawa, na huko Sylhet kuna majumba ya ghorofa yenye marumaru yaliyofungwa mwaka mzima, mlinzi anafagia majani, mwenyewe yuko Poplar, London Mashariki, kwenye flati yenye ukungu ukutani. Nikiyaona nakumbuka nyumba za watu wetu Goba na Madale, geti zuri, ndani hakuna mtu, mwenyewe yuko Reading, Uingereza, anapanga chumba. Sisemi usimjengee mama yako wala usimlipie mdogo wako ada, hilo ni deni la utu na wale wa Sylhet walilipa hospitali na shule za vijiji vizima. Nasema kama moyoni umeshaamua hutarudi kabla watoto hawajamaliza shule, basi jumba lisilokaliwa lisitangulie nyumba mnayolala. Piga hesabu ya miaka mitatu iliyopita, kiasi gani kilienda kwenye chakula na dawa za wazee, na kiasi gani kilienda kwenye tofali. Ya kwanza usiiguse. Ya pili iangalie tena na mume wako mezani.

Na mwanao usimhubirie, mpe kazi tu. Siku mkienda tena Leicester amuulize yule mzee alilala kwa nani usiku wa kwanza baada ya kutoka kambini, na ile nyumba ya kwanza waliinunua ndugu wangapi. Alafu siku akija kukuchukua kazini amuulize bosi wako mama yake alifika London mwaka gani, na baba yake mwaka huo alikuwa anafanya kazi wapi.

Majibu yakipatikana niandikie, ningependa sana kuyasikia.